Hotuba ya Mwenyekiti katika Sherehe ya Miaka Kumi: Sinema Zetu Wenyewe



Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetufikisha siku ya leo, na mvua akaizuia kidogo, maana Tukuyu yetu mnaijua. Tunawashukuru na waliopika tangu saa tisa za usiku.

Habari za fedha hatutazirudia. Katibu ameziandika kurasa za mbele za kijitabu hiki, hisa, mikopo, marejesho na wale waliochelewesha, na Mweka Hazina amezipitia mara mbili. Sisi tumeombwa tueleze jambo moja tu ambalo watu wanatuuliza sana, sokoni, kanisani, hata ndani ya magari ya kwenda Mbeya: "Ninyi kina mama mna kikundi cha kuweka na kukopa, sinema zinawahusu nini?" Wengine wanauliza kwa wema, wengine huku wanacheka. Tutawajibu wote, ila mtuvumilie, jibu lenyewe ni refu kidogo.

Wenye umri wetu mnalikumbuka gari la sinema. Tulikuwa wadogo, miaka ya 1970 mwishoni. Mchana gari linapita barabarani na kipaza sauti juu, linatangaza, na sisi tunalikimbilia hadi pumzi zinaisha. Jioni linasimama uwanja wa shule. Kitambaa cheupe kinafungwa kwenye miti miwili, jenereta inawekwa mbali ili isitupigie kelele, nayo inatupigia kelele vilevile. Bara hatukuwa na televisheni wakati ule. Zanzibar walitangulia kuwa nayo miaka ya 1970, huku kwetu ilikuja mwaka 1994. Kwa hiyo picha inayotembea tuliiona mara moja kwa mwaka, pengine mara moja kwa miaka miwili, na ilikuwa imekuja kutufundisha kitu. Chimbeni choo. Chemsheni maji. Pandeni kwa mistari. Tulikaa kimya tukafundishwa, halafu gari likaondoka, na mwaka uliofuata likaja na mafundisho mengine. Hatukuwahi kumwona mtu tunayemjua kwenye kile kitambaa. Na hatukuliona hilo kuwa tatizo, tulidhani sinema ndivyo ilivyo, kama vile ndege haiwezi kutua kwenye mgomba.

Sasa sikilizeni jambo lililotushangaza. Kijana wetu mmoja aliyesoma chuo kikuu alituletea habari za sinema za kwanza kutengenezwa hapa Tanganyika kwa ajili ya Waafrika. Ilikuwa mwaka 1935 hadi 1937, Waingereza waliweka kambi Vugiri, kule milima ya Usambara upande wa Korogwe. Aliyekuwa anazitengeneza aliitwa Notcutt. Picha zilikuwa hazina sauti, sauti ilipigwa pembeni kwa santuri, kwa Kiswahili na lugha nyingine. Wakapakia mitambo kwenye lori, wakazunguka Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Na moja kati ya sinema zao za mwanzo ilikuwa inahusu nini? Akiba! Benki ya Akiba ya Posta. Vibarua wawili wa shambani wanapata mshahara. Mmoja anafukia fedha zake ardhini, mwizi anazichimbua. Mwenzake anapeleka zake Posta na zinabaki salama.

Tulicheka sana siku ile, kina mama. Kumbe sinema na akiba vilianza safari pamoja kabla hata mama zetu wengi hawajazaliwa. Lakini tulipomaliza kucheka, mwenzetu mmoja akasema jambo zito. Alisema, yule aliyefukia fedha hakuwa mjinga, alifukia kwa sababu hakuwa na mtu wa kumwamini. Hakuna aliyemuuliza. Walimwonyesha tu kwamba amekosea. Sisi hapa tulipoanza mwaka 2015 wengi wetu tulikuwa tunaficha fedha kwenye mto wa kulalia na kwenye debe la mahindi. Hatukuacha kwa kuonyeshwa picha ya mwizi. Tuliacha kwa sababu tulikaa chini, tukajuana, tukanunua kasha lenye makufuli matatu, na funguo tukawapa watu watatu wasiokaa nyumba moja. Kwa hiyo hata habari za akiba, ambazo ndizo kazi yetu, mtu mwingine alizisimulia kwa niaba yetu miaka 90 iliyopita, na hakuzimaliza.

Baada ya gari la sinema vikaja vibanda vya video. Hivyo hata vijana mnavijua. Sinema za Kichina, za Kihindi, za Marekani, na sauti ya Lufufu juu yake akitafsiri na kuongeza chumvi yake. Hatumlaumu, mtu yule alikuwa fundi, na wengi walielewa sinema kwa sababu yake. Kisha zikaja filamu za Bongo, watoto wakajua nyumba zote za Dar es Salaam na magari yake, wakajua mama mkwe wa Dar es Salaam anagombanaje na mkwewe. Nazo hatuzichukii, tulizitazama na machozi tukatoa. Na tunafurahi tukisikia mambo makubwa zaidi, kama filamu ya Vuta N'kuvute, iliyotokana na kitabu cha Adam Shafi wa Zanzibar, ilivyoonyeshwa Toronto kule Kanada mwaka 2021 na Wazungu wakakisikia Kiswahili. Lakini mlima Rungwe hatukuuona kwenye kitambaa. Kinyakyusa hatukukisikia. Wajukuu zetu walikuwa wanajua kupigana kama Mchina, na ukimuuliza ing'oma inaanzaje kupigwa anakutazama tu.

Basi ilianzaje? Haikuanza kwa mpango wowote, tusije tukajisifu bure. Mwaka 2018, binti wa mwanachama mmoja alikuwa amerudi nyumbani na simu ya kupangusa. Jioni akamkuta bibi yake jikoni anawasimulia watoto habari za Ziwa Ngosi lilivyohama. Wazee wetu wanasimulia kwamba ziwa lile halikuwa pale lilipo, lilikuwa kwingine, watu wakatupa jiwe lililochomwa moto, ziwa likakasirika likahamia mlimani. Zipo namna nyingi za kuisimulia na kila kijiji kina ya kwake. Binti akawasha simu akamrekodi, bibi hana habari, anamenya ndizi huku anasimulia. Dakika kumi na moja.

Siku ya kikao, tulipomaliza kuhesabu hisa, mama wa yule binti akaitoa simu. Tulikuwa vichwa kumi na tano juu ya kisimu kimoja. Wa nyuma wanasikia tu hawaoni, wanauliza, "Anafanya nini sasa? Anafanya nini?" Tukairudia mara nne, na kikao kikaisha kwa kuchelewa hadi Katibu akasema tutozane faini wote. Ndipo mmoja wetu akasema hii ingefaa iwe kubwa.

Tulikuwa tumesikia kutoka kwa mtoto wa mwenzetu aliyekuwa anafanya kazi Unguja kwamba lile tamasha la filamu la Zanzibar, ZIFF, lililoanza mwaka 1998, halikai mjini peke yake, hupeleka sinema hadi vijijini, watu wakakaa chini kwenye majamvi. Tukasema kama shamba la karafuu linaweza, na migomba yetu inaweza.

Onyesho la kwanza lilikuwa Agosti 2019. Kabla ya hapo tulikwenda halmashauri kwa Afisa Utamaduni, maana kuonyesha picha hadharani kuna sheria yake tangu mwaka 1976, na kina mama hatutaki kukamatwa mbele ya watoto. Tukapata kibali. Projekta tukaikodi, jenereta tukaikodi, spika tukaazima. Shuka lilitoka kwa mwanachama, shuka la harusi yake, bado hajatusamehe. Kiingilio kilikuwa shilingi 500, watoto bure. Binti alikuwa amerekodi vitu vitatu: bibi na ziwa lake, mama mmoja anayefinyanga vyungu, na kikundi cha ing'oma cha vijana na wazee kutoka kijiji cha jirani.

Upepo ulianza saa moja. Shuka likawa linajaa kama tumbo la mjamzito, na bibi kwenye picha anarefuka na kufupika. Kisha sauti ikakatika. Kisha manyunyu. Tulidhani watu watakwenda nyumbani na sisi tutabaki na deni la jenereta. Hawakuondoka. Walifunika vichwa kwa vitenge na majani ya mgomba. Na bibi mwenyewe, ambaye tulikuwa tumemweka mbele kwenye kiti cha kanisani, alijitazama kwa muda mrefu bila kusema kitu. Halafu alipofika pale pa jiwe la moto akanyanyua fimbo akapaza sauti: "Huyo bibi anakosea! Jiwe halikutupwa na mtu mmoja!" Akasimama, akaanza kuisimulia upya, yeye mwenyewe akigombana na yeye mwenyewe wa kwenye shuka. Mzee mwingine kutoka upande wa Mwakaleli akasema wote wawili wamekosea. Sauti ilikuwa bado haijarudi na hakuna aliyeihitaji. Watu walibishana habari za ziwa hadi saa nne na nusu.

Wanyakyusa tunalo neno, ukwangala. Ni kukaa na wenzako mkafurahiana, mkazungumza, mkala, hakuna anayeharakisha kuondoka. Wazee wanasema mtu asiyejua ukwangala hajakua. Gari la sinema la utoto wetu lilitukalisha kimya. Usiku ule ulikuwa ukwangala, na picha ilikuwa kisingizio tu. Hiyo ndiyo sehemu ya kwanza ya jibu letu.

Ndugu Mgeni Rasmi, sasa tunafika mahali tulipokosea, na tuliafikiana kwenye kamati kwamba tuliseme hapa mbele ya watu.

Wiki moja baada ya onyesho, kiongozi wa kile kikundi cha ing'oma alikuja kwenye kikao chetu. Alikuja kwa adabu, akakaa, akanywa chai. Kisha akasema: "Mama zetu, mlikusanya kiingilio. Mwenye projekta mlimlipa. Mwenye jenereta mlimlipa, na mafuta yake. Sisi tulicheza tangu saa nane mchana mkaturekodi, mkatupa soda." Akaondoka. Hakudai kitu.

Kikao kilichemka. Wengine walisema ngoma ni ya wote, nani aliwahi kulipwa kwa kucheza ngoma ya babu yake? Wengine walisema wale si watoto wetu, tungewalipaje watoto wetu? Mwenyekiti wenu naye alikuwa upande huo, na aliongea kwa sauti kubwa kuliko wote. Mweka Hazina akasema fedha ya kiingilio imekwisha, na mfuko wa jamii ni wa msiba na ugonjwa, katiba imesema, ngoma si ugonjwa. Mwenzetu mmoja, mkimya, mwuza maziwa, akauliza swali moja. "Maziwa yangu nayo niliyarithi kwa babu? Ng'ombe alikuwa wa babu. Mbona mnanilipa?"

Tulikaa vikao vitatu kwa jambo hilo. Mwisho tukabadilisha katiba. Sasa kila onyesho, kabla ya projekta na kabla ya jenereta, wa kwanza kulipwa ni anayeonekana kwenye picha, awe mpiga ngoma, msimuliaji au mfinyanzi. Analipwa siku ile ile na anasaini daftari. Asiyejua kuandika anaweka dole gumba. Si fedha nyingi, na mara mbili tumeingia hasara. Kile kikundi tulikifuata kijijini kwao tukakilipa ya mwaka uliopita, tukaomba radhi. Walipokea. Soda walitununulia wao siku hiyo, na tulielewa maana yake.

Mwaka 2020 ulipita bila onyesho kwa ajili ya ugonjwa wa korona. Shule zilifungwa Machi, sisi wenyewe tulikuwa tunakutana tukiwa tumeachana mita nzima nzima, kelele tupu. Tukae hapo.

Mwaka uliofuata likatukuta lingine. Kina mama wetu walikuwa wamecheza mahali fulani kwenye sherehe, mtu akawarekodi kwa simu, kama kawaida ya siku hizi. Miezi michache baadaye mtoto anatuonyesha, ngoma yetu imetiwa kinanda chini yake, imekuwa wimbo wa mtu. Sauti ya mwenzetu ndiyo inayoanza. Jina lake halipo, jina la Rungwe halipo. Hatutamtaja mtu huyo wala mahali, haya ni maneno ya sherehe. Tulirudi kwa watu wa utamaduni na hapo ndipo tulipojifunza kwamba sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999 inazilinda hata ngoma na hadithi za jadi, ambazo hazina mtunzi mmoja, na kwamba anayetaka kuzifanyia biashara nje ya mila yake anatakiwa kuomba ruhusa BASATA. Wangapi hapa mlikuwa mnalijua hilo? Sisi hatukulijua. Wimbo ule hatimaye uliondolewa. Fedha hatukuona hata senti. Lakini tangu hapo, kabla hatujarekodi mtu, binti anamsomea karatasi fupi: tunarekodi nini, itaonyeshwa wapi, nani hatapewa. Akikataa tunafunga simu.

Na wapo waliokataa. Hapa tunataka tuwe wakweli, hasa mbele ya wachungaji wetu. Wengine walisema ngoma za zamani ni za giza, Wamoravian walifika Rungwe mwaka 1891 ili tuyaache hayo. Tuliwasikiliza, na wengi wetu ni wa makanisa hayo hayo. Tulikubaliana kwamba mambo ya matambiko haturekodi. Hapo haikuwa vigumu.

Palipokuwa pagumu ni msibani. Mnajua zamani kwetu msiba ulichezwa. Vijana walicheza na mikuki yao na njuga miguuni, kina mama wakilia, na kucheza huko kulikuwa ndiko kulia kwa wanaume. Wazee wachache mno wamebaki wanaoweza kuonyesha ilivyokuwa. Tusiporekodi, itakwisha. Tukirekodi, tutakuwa tumeingiza simu kaburini kwa watu.

Yule kijana wetu wa chuo kikuu alitueleza kwamba mambo haya yote yaliandikwa. Godfrey Wilson, Mwingereza, na mkewe Monica, wa Afrika Kusini, waliishi huku kwetu na Wanyakyusa kati ya mwaka 1934 na 1938, wakaandika mazishi yetu, ndoa zetu, vijiji vyetu vya marika. Godfrey alifariki 1944, mama akaendelea peke yake akatoa vitabu, cha kwanza mwaka 1951, na kichwa chake kinatokana na neno lile lile, ukwangala. Huyo mama tunampa heshima. Karatasi zao zilipelekwa kuhifadhiwa Chuo Kikuu cha Cape Town. Yaani mjukuu akitaka kujua bibi yake alililiwaje, asafiri hadi Afrika Kusini! Na tarehe 18 Aprili 2021 moto ulishuka kutoka mlimani ukaingia chuoni pale, ukaunguza ukumbi wao wa kusomea uitwao Jagger, na vitabu na filamu nyingi sana za habari za Afrika zikaungua. Kijana alipotusomea hayo tulikaa kimya. Kitu kikihifadhiwa mahali pamoja, na mahali penyewe pakiwa mbali, si chako sana.

Hata hivyo hatukupiga picha za msiba. Tuliamua hivyo kwa kura, na kura hazikupishana sana. Tulichofanya ni kuwaomba wazee wawili watueleze kwa mdomo, mchana, wakiwa wamekaa nyumbani kwao na chai mkononi. Mmoja alisimama akatuonyesha hatua tatu za mguu, akakaa, akasema inatosha. Hizo hatua tatu tunazo.

Mwezi wa Februari 2022, bibi yetu wa ziwa alifariki. Mtoto wake ni mwanachama wetu wa tangu siku ya kwanza, yupo hapa, ametupa ruhusa tuseme. Baada ya matanga alikuja akatuomba tusiionyeshe tena ile picha. Alisema mama yuko chini, hawezi kumwona anacheka juu ya shuka. Tulikubali palepale. Tulichukua ile memori kadi, tukaifunga kwenye kipande cha kitenge, tukaiweka ndani ya kasha pamoja na fedha, chini ya makufuli matatu. Ikakaa humo. Kila siku ya kikao kasha likifunguliwa tunaiona, tunahesabu fedha, tunafunga.

Mwaka mzima ulipita na miezi miwili juu yake. Siku moja ya mikopo, kina mama wamepanga foleni na fomu zao, naye akapanga. Ilipofika zamu yake Katibu akamuuliza anaomba kiasi gani. Akasema, "Naomba mama yangu." Wenye funguo wakafungua. Tuliitazama pale pale kwenye simu, vichwa vingi kama mara ya kwanza, safari hii hakuna aliyeuliza anafanya nini. Bibi anamenya ndizi. Anasema jiwe lilitupwa na mtu mmoja, lile kosa lake. Mtoto wake akacheka, akalia, akacheka. Akasema, "Ionyesheni. Ila mtu aseme kwamba alijisahihisha."

Kwa hiyo sasa kila tunapoionyesha, ikifika pale, tunaisimamisha, na mjukuu wa bibi anasimama na kutoa lile sahihisho kwa sauti yake. Mwaka jana aliyesimama alikuwa na miaka tisa. Na yule mzee wa Mwakaleli bado anasema wote wamekosea.

Ndugu wanachama, limebaki jambo moja ambalo halijaisha, na litapigiwa kura mkutano wa Septemba. Tumekuwa tukikodi projekta miaka yote. Wapo wanaosema tununue ya kwetu, tuikodishe na sisi kwenye harusi na mikutano, ijilipe. Wapo wanaosema tuchukue mkopo wa halmashauri wa kina mama kwa ajili hiyo. Na wapo wanaosema, bora fedha hiyo iende kwenye ng'ombe na miche ya parachichi. Kila upande una akili yake. Maoni ya mwenyekiti wenu, kwa kuwa mmeyauliza, ni kwamba mkopo tusichukue. Chombo cha kioo na umeme, kwa mvua hizi za Tukuyu, kikifa leo deni halifi nacho. Tuweke kidogo kidogo, kila onyesho litenge chake, hata ikichukua miaka mitatu. Lakini kura ni yenu, na tulishawahi kukosea kwa sauti kubwa, mnakumbuka.

Kwa wafadhili na marafiki zetu, hatuombi projekta leo. Tunaomba kitu kingine. Wengi wenu mna kaseti za zamani majumbani, za kwaya, za ngoma, za harusi za miaka ya 1980 na 1990, zimelala kabatini zinaota ukungu. Mna picha za babu zenu wakicheza. Tuleteeni tunakili, kisha tuwarudishie zenu. Nakala moja inabaki kwenye kasha, nyingine kwa binti, nyingine inakwenda kwa mwalimu wa shule. Sehemu tatu, kama funguo. Na kama mna mzee nyumbani mwenye umri zaidi ya miaka 80, msisubiri tuje na simu. Anzeni kumuuliza leo jioni.

Vikundi vya ngoma vya Rungwe vimeonekana sana miaka hii, hasa kwenye tamasha la ngoma za jadi la Tulia, ambapo wageni wa mikoa mingine walikuja hapa hapa Tukuyu tukaona na ngoma zao. Ni jambo zuri, uwanja ulijaa. Sisi hatushindani na uwanja. Sisi ni watu mia, mia na hamsini, kwenye majamvi, na anayecheza kwenye picha amekaa pembeni yako, unaweza kumuuliza.

Jioni ya leo, tukishakula, onyesho liko hapo nyuma ya ofisi ya kijiji. Ni bure kwa sababu ya sherehe. Wapiga ing'oma wameshalipwa na daftari limesainiwa, kwa hiyo msiwatupie sarafu za kuwadharau, mkitaka kuwatuza watuzeni vizuri. Kuna picha mpya ya mfinyanzi wetu, yule wa mwaka 2019, sasa anafundisha wasichana wanne. Kuna zile hatua tatu. Na bibi yupo, tutamweka mwishoni.

Jenereta inawashwa saa moja kamili. Njooni na makoti na vitenge vya kujifunika, wenye watoto wadogo mkae mbele, na yeyote mwenye shuka kubwa jeupe asilolipenda sana amwone Katibu kabla ya saa kumi na mbili.